Pweza wa Ushirombo na Subira Mliyomfundisha Mume Wangu

Mama Shehnaz,
Duka la Vipuri, karibu na soko,
Ushirombo, Mkoa wa Shinyanga.

20 Agosti 1996

Kwa Mhariri,
Jarida la Mfugo Wangu,
Dar es Salaam.

YAH: KUHARIBIWA MUME KWA MAKALA YA PWEZA

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na umekaa. Mimi ninaiandika nimesimama, kwa sababu kila kiti cha nyumba hii kimewekewa ndoo, na kila ndoo imeandikwa kwa chaki: USIGUSE, INAKOMAA.

Kwanza nijitambulishe. Naitwa Naznin, ila hapa Ushirombo wananiita Mama Shehnaz, kwa jina la binti yangu wa pekee. Mume wangu ni Nadeem, muuza vipuri vya magari. Ni mtu mwema, wa swala tano, mwenye kasoro moja tu: anapenda wanyama wasio na sababu yoyote ya kuwa Ushirombo. Kasoro hiyo niliolewa nayo na nilikuwa nimeshaizoea. Alileta mbuni, mbuni akamfukuza mteja mpaka kituo cha mabasi, tukamgawa. Alileta kasuku aliyemnunua kwa dereva wa lori. Kasuku akawa anawatukana wageni kwa Kilingala, na siku alipoingia dukani mgeni anayeifahamu lugha hiyo, kasuku naye akaenda. Alileta mzinga wa nyuki sikukuu ya Idi. Huo sitaueleza. Mambo yalikuwa hivyo siku zote: anamwona mnyama asubuhi, anamnunua mchana, anajuta jioni, na ikifika Ijumaa nyumba yangu imesharudi kuwa nyumba. Haraka ya Nadeem, Ndugu Mhariri, ndiyo iliyokuwa dawa ya Nadeem.

Ndipo mkaingia ninyi.

Jarida lenu lilitufikia likiwa limefungiwa gasketi za lori. Ndani yake kulikuwa na makala yenye kichwa "Pweza Nyumbani: Subira na Utafiti Kabla ya Kununua." Nadeem aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akavua miwani na kuniambia, "Mama Shehnaz, maisha yangu yote nimekosea. Mnyama hanunuliwi. Mnyama anaandaliwa."

Nilicheka. Nilidhani itakwisha Ijumaa. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua za mwaka jana, na tangu hapo nimekusanya malalamiko yafuatayo, ambayo nakuomba uyasome kwa utaratibu niliouweka, maana kila moja limezaliwa na lile lililotangulia.

1. KUHUSU CHUMBA. Makala yenu inasema pweza asiletwe mpaka mahali pake pawe tayari. Zamani mbuni alipofika hata kamba hatukuwa nayo, tukamfunga kwa mtandio wangu. Safari hii Nadeem alihamisha vitanda vya chumba cha wageni na kujenga humo birika la saruji, refu kuliko jeneza, lenye dirisha la kioo alilolitoa kwenye basi lililopinduka. Birika lilipokamilika nikauliza, kwa heshima, mnyama anafika lini. Akasema saruji mpya ina sumu, lazima ijazwe maji na kumwagwa, ijazwe na kumwagwa, mpaka itulie. Halafu yaje maji yenyewe, nayo yaachwe yakomae, birikani na kwenye ndoo. Nikamwambia maji si ndizi. Akanionyesha aya yenu.

Watu wakaanza kuja kuangalia. Wanasimama mbele ya birika, wanatazama maji matupu, wanatikisa vichwa. "Mnyama yuko wapi?" wanauliza. "Tunamsubiri," anajibu Nadeem, na kuwapa chai. Chai hiyo naipika mimi.

2. KUHUSU CHUMVI. Mlimwambia kwamba pweza ni wa maji ya bahari na kwamba maji ya kisima yatamuua. Kutoka hapa mpaka bahari, gari moshi lenyewe huchoka. Nadeem akaamua kuitengeneza bahari hapahapa, kwa majaribio. Akaleta chumvi ya Uvinza kwa magunia, akaikoroga katika mapipa uani, akawa anapima kwa kile kipimo cha maji ya betri na kuonja kwa ulimi, kisha anafumba macho kama mtu anayekumbuka jambo.

Sasa, Ndugu Mhariri, wewe uko Dar es Salaam na huenda hujui kwamba huku kwetu mtu akikoroga kitu kwenye pipa, wachimbaji wa dhahabu hawawezi kupita bila kusimama. Masele, mwenye duara lake kule machimbo ya upande wa Masumbwe, yaani shimo analochimbia na vijana wake, alichungulia uani akaona mapipa, magunia na kipimo. Alikuja mlangoni kofia mkononi.

"Mwangaluka, Mama Shehnaz," akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwambie mzee sisi si watu wa choyo. Atuambie tu vipimo. Tumechoka na zebaki, inatumaliza mikono."

Nikamjibu ukweli mtupu: "Masele, hii si dawa ya dhahabu. Ni ya pweza."

Akatabasamu na kunikonyeza. "Nimekuelewa, mama. Na sisi tukiulizwa tutasema ni ya pweza."

Wiki hiyo chumvi iliisha Ushirombo, ikaisha Masumbwe. Wachimbaji waliimwaga yote kwenye mabwawa yao ya kuoshea mchanga. Tulikula mchuzi chapwa, na wafugaji wakaja dukani kulalamika kwamba ng'ombe wao wanaramba kuta. Mpaka leo machimboni dhahabu inaitwa pweza. Juzi nimesikia kwa masikio yangu mtu akimwuliza mwenzake, "Jana mmepata pweza?" naye akajibu, "Kidogo, wa vumbivumbi."

3. KUHUSU MATUNDU. Hapa ndipo nilipoanza kuwachukia. Mliandika kwamba pweza hana mfupa, na kwamba tundu lolote linalopitisha mdomo wake mgumu litampitisha mzima. Kwa nini mliandika hivyo? Mnyama mwenyewe alikuwa bado baharini, hajui hata kwamba kuna Ushirombo, na tayari mume wangu anaziba njia atakazotorokea. Aliziba matundu ya hewa juu ya madirisha. Aliziba tundu la ufunguo. Aliziba bomba la bafuni, maji ya kuoga yakarudi mpaka sebuleni. Mama mkwe wangu, Bi. Rehmat, ambaye amezoea kuvuta uradi wake dirishani akipigwa na upepo, alizibiwa dirisha kwa wavu wa chuma. Akaniuliza, "Naznin, nimefanya kosa gani?"

4. KUHUSU KAA. Mlisema chakula chake kitafutwe kabla hajafika. Nadeem akaagiza kaa wa ziwani, wakaletwa kwenye makopo. Nikamwuliza, "Mlaji hayupo, chakula cha nini?" Akasema lazima chakula nacho kizoee mazingira. Kikazoea. Nimewakuta kaa ndani ya kiatu, ndani ya birauli, na mmoja ndani ya mfuko wa unga akiwa mweupe mzima kama bwana harusi.

5. KUHUSU BINTI YANGU. Hapa, Ndugu Mhariri, mzaha unaisha, na naomba uache kunywa chai.

Kule Masumbwe kuna mama aitwaye Bi. Safiya, mjane, mwenye duka la vitenge. Babu zake walitoka Tanga wakafanya biashara huku mpaka wakasahau kurudi. Ana mtoto wa kiume, Ahmad, kijana mpole anayesafirisha mchele. Ahmad na Shehnaz walipendana kwa adabu, na sisi mama zao tulijifanya hatuoni. Kuna watu wa upande wetu na wa upande wao waliosema maneno, kwamba huyu Mhindi na yule Mswahili. Tukawaacha waseme. Sisi na watu wa Bi. Safiya tumezikana na kulishana pilau miaka mingi.

Basi wakaja kuposa. Bi. Safiya alivaa buibui jipya, akaja na kaka yake na Ahmad mwenyewe. Nilipika tangu alfajiri. Kwa sababu viti vina ndoo, wageni walikaa kwenye mkeka, mkabala na birika. Bi. Safiya akatazama maji, akaambiwa habari ya pweza, akafurahi. "Sisi kwetu tunamtia nazi," akasema. "Ninyi mtamkaanga?" Nilimwona Nadeem amebadilika rangi.

Kaka wa Bi. Safiya akakohoa, akasema lililowaleta. Zamani Nadeem angeruka akamkumbatia kijana palepale, angeleta sheikh kabla pilau haijapoa. Lakini mlikuwa mmeshamharibu. Alivaa miwani, akakunja miguu, akasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Katika jambo kama hili, haraka haifai. Lazima utafiti." Kisha, Ndugu Mhariri, akaanza kuwauliza yale maswali yenu ambayo mnunuzi anatakiwa amwulize muuzaji.

"Je, kijana huyu ametoka maji gani?"

Wakatazamana.

"Anakula nini, na je, hula mwenyewe au mpaka ashawishiwe? Amewahi kutoroka? Akishtuliwa hufanya nini?"

Ahmad alijibu yote, maskini, jasho likimtoka. Alisema anakula chochote. Alisema hajawahi kutoroka ila mara moja, shule ya msingi. Ndipo Nadeem akauliza kama kijana ana umri gani hasa, kwa sababu viumbe hawa huwa hawaishi sana.

Bi. Safiya akasimama. "Baba Shehnaz," akasema, na sauti yake ilikuwa chini kabisa, "sisi tumekuja kuposa. Hatukuja kuuza samaki." Akachukua mkoba wake, wakatoka. Pilau haikuguswa.

Shehnaz alikuwa nyuma ya pazia, amesikia kila neno. Akatoka akamkabili baba yake. Sijawahi kumwona mtoto yule akipandisha sauti. "Mbuni hukumwuliza hata jina, Baba! Ahmad ndiye wa kuulizwa ametoka maji gani?" Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo akawa anamsalimia baba yake shikamoo na hasemi zaidi ya hapo. Mume wangu akawa anaitikia marahaba, kisha anakwenda kukaa mbele ya birika lisilo na mnyama, na mimi sikujua nimwonee huruma nani.

6. KUHUSU KUHARIBIWA KWA KIJANA WA WATU. Ahmad hakukata tamaa. Aliwaza kwamba kama tatizo ni pweza, basi yeye ataleta pweza. Alipanda gari moshi mpaka Dar, basi mpaka Tanga, akanunua pweza hai kwa wavuvi asubuhi, akamtia kwenye ndoo yenye mfuniko, na jioni hiyohiyo akaanza safari ya kurudi. Haraka tupu, safi, ya kiume. Nami nilipoisikia nilimpenda zaidi. Lakini pweza alikufa kabla ya Morogoro, na abiria wa behewa lake wakashauri apikwe asiharibike.

Akaja dukani kwetu na ndoo tupu. Mimi nilikuwa kaunta. Alimwambia Nadeem neno moja tu: "Mzee, nilikosea wapi?"

Ndugu Mhariri, watu wa Ushirombo wamemcheka mume wangu, wamekunywa chai yake, wamemaliza chumvi yake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza swali. Niliona uso wake ukifunguka. Alifunga duka mchana kweupe, akamletea Ahmad kiti, ndoo akaiweka chini kwa mkono wake mwenyewe, wakazungumza tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mfuniko hauna hewa. Maji huchafuka yakawa sumu kwake. Mnyama asilishwe kabla ya safari. Ahmad anauliza, Nadeem anajibu, na pale asipojua anasema, "Hilo sijui, inabidi tulitafiti." Kabla ya hapo nilikuwa na mtafiti mmoja ndani ya nyumba. Sasa wakawa wawili.

Walikaa hivyo mpaka kiangazi kimekolea. Ahmad akawa anakuja kila akishusha mchele. Bi. Safiya akaniletea salamu kwamba mwanawe amechukuliwa, na mimi nikamrudishia kwamba mume wangu alichukuliwa zamani.

7. KUHUSU KUFIKA KWA MNYAMA. Mwezi uliopita Ahmad akaenda tena. Safari hii alichukua mapipa, na mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ambao Nadeem aliutia kijibomba chembamba ili upepo utoke kidogo kidogo ndani ya maji. Upepo ukiisha, mpira unajazwa kwa pampu ya baiskeli. Nasikia kwenye gari moshi abiria walipokezana pampu tangu Dodoma mpaka Isaka, akiwemo mtawa mmoja na mfungwa mwenye pingu pamoja na askari wake. Kutoka Isaka wakapanda lori la pamba.

Mji mzima ulikuja. Masele alikuja na wachimbaji wake, wote wamevua kofia. Walimimina maji ya pipa taratibu mpaka birika likafikia kipimo, kisha Nadeem na Ahmad wakamshusha mnyama kwa mikono.

Alikuwa mweupe kama karatasi iliyolowa. Alizama mpaka chini akalala vilevile alivyoanguka, mikono yake huku na huku. Ahmad alikuwa ameshika ukuta. Nadeem alikuwa anasogeza midomo, sijui anasoma dua au anahesabu. Nikafikiri, basi, amekufa, na afadhali, tutarudi kuwa watu.

Halafu akajigeuza kahawia. Ilianza kwenye mkono mmoja, ikaenea kama chai inavyoenea kwenye maji ya moto. Akainua jicho, akatutazama, nadhani hakupendezwa, akajikokota mpaka ndani ya chungu walichomwekea. Watu walipiga kelele hata kuku wakaruka. Masele alilia waziwazi. "Kumbe kweli ni pweza!" akawa anasema. "Kumbe mama alisema kweli!" Na mimi, kwa sababu ya mapipa yale, macho yangu yaliingiwa na chumvi.

Nadeem alimshika Ahmad mabega yote mawili. "Umemfikisha," akamwambia. Shehnaz alikuwa amesimama mlangoni. Wote tukangoja neno linalofuata. Mimi nilingoja, Bi. Safiya aliyekuwa amesimama kando na buibui lake lilelile alingoja, mji ulingoja.

Nadeem akavaa miwani. "Makala inasema," akatangaza, "mgeni akishafika aachwe atulie. Pasiwe na kelele, ngoma wala mabadiliko nyumbani. Habari ya posa tutaizungumza akishazoea."

8. KUHUSU MAMA MKWE. Nalitaja kwa ufupi tu, nisije nikaonekana namsema. Bi. Rehmat sasa anavutia uradi wake mbele ya birika. Juzi mnyama alitoa mkono kupitia pale wanapotilia kaa, akashika tasbihi yake, akaivuta ndani ya maji. Nadeem akataka kuichukua. Mama mkwe akamzuia: "Mwache kwanza. Akimaliza atarudisha." Na alirudisha. Unaona, Ndugu Mhariri, hali tuliyofikia.

Kwa sababu hizo zote, naomba jarida lako lifanye yafuatayo bila kukawia. Kwanza, litangaze kwamba subira na utafiti vina madhara katika nyumba na visiwekwe mahali ambapo wanaume wanaweza kuvifikia. Pili, liandike makala nyingine, ndefu kuliko ile, ikieleza kwamba kila chenye thamani duniani kinunuliwe mchana kijutiwe jioni, na hasa kwamba binti akiposwa na kijana mwema aolewe haraka, kabla mtu hajapata muda wa kufikiri. Tatu, muiandike kwa herufi kubwa, maana miwani ya Nadeem imeingia maji.

Kama haiwezekani, basi mje kumchukua pweza wenu. Mje na viti vyenu.

Nifikishie salamu kwa wachapaji, kwa wafagiaji wa ofisi, na kwa aliyeandika ile makala, ambaye namwombea apate mume kama wangu au, kama yeye ni mwanamume, awe yeye huyo mume, mke wake ayajue ninayoyapata. Wote wa hapa wanakusalimu, na mmoja anakusalimu kwa mikono minane.

Ni mimi, mwenye nyumba iliyokomaa,

Naznin (Mama Shehnaz)

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Bi. Safiya na Ahmad wameingia. Nadeem alikuwa anamlisha mnyama. Pweza kachukua kaa mkononi mwake, kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtoto anavyopokea peremende. Nadeem akageuka machozi yakimtoka, akamwona Ahmad, akasema, "Ijumaa hii. Swala ya Ijumaa ikimalizika, tunafungisha ndoa. Nimeridhika." Shehnaz akapiga ukelele wa furaha. Bi. Safiya akanyoosha mikono anikumbatie.

Ndugu Mhariri, sijui nini kilinipata. Nilisikia sauti ikisema, "Ijumaa ipi? Nani kasema Ijumaa?" na sauti ilikuwa yangu. Nikamwuliza Bi. Safiya: huyu Ahmad akikasirika hunyamaza au hufoka? Akiugua hudekadeka? Masumbwe watakaa nyumba gani, na ina dirisha upande wa upepo, maana Shehnaz hawezi joto? Mwanangu akiwa na huzuni huwa hasemi, lazima mtu amjue kwanza. Nani kule anamjua? Nimesema siwezi kumtoa mtoto kwa siku tatu kama gunia la mchele. Nataka muda. Nataka kwenda Masumbwe nikakae wiki mbili nitazame mwenyewe.

Nadeem ameketi chini kwa kucheka. Bi. Safiya amevua viatu, amesogeza ndoo moja, amekaa kwenye kiti, na anasema niulize chochote, yeye hana haraka.

Kwa hiyo barua hii msiichape mara moja. Na kama mlibakiza nakala ya lile toleo, nitumieni moja, iwe yangu mwenyewe.